Loka Lililonyooka la Boti Iliyopinda

Nimestaafu kabla ya kuota mvi. Watu wakisikia neno hilo hutafuta fimbo mkononi mwangu, kisha hunitazama usoni, kisha huuliza kama natania. Sitanii. Ngozi yangu iliikataa kazi kabla mimi sijaikataa, na daktari akasema kwamba kati ya sisi wawili, ngozi ndiyo yenye usemi. Basi nawaandikia ninyi mnaobaki pale yadini, mtaani Baba Dogo, hasa mlioingia mwaka huu na bado mnadhani harufu ya rezini ni harufu ya maendeleo. Sitawaeleza nani alipandishwa cheo. Hakuna aliyepandishwa, isipokuwa juu ya paa kuziba mabati.

Kazi ya faiba, ile ya kulowesha nyuzi za kioo kwa rezini hadi zigande kuwa chombo kigumu, sikufundishwa na mtu. Nilijifunza kwenye simu, mtaani kwetu Huruma, nikitazama video za watu ambao nyuso zao hazionekani, mikono tu. Mikono ile ilikuwa haitetemeki. Yangu ilitetemeka. Kitu cha kwanza nilichojaribu kutengeneza ni karai la mama. Nilichanganya rezini na hadina, ile dawa ya kuigandisha, kwenye kikombe cha maziwa lala. Video ilisema kijiko kimoja, na mimi sikujiuliza kijiko cha ukubwa gani. Kikombe kikapata joto, kikafuka moshi, kikaanza kuyeyuka mkononi. Nilikirusha nje ya roshani bila kuangalia chini. Chini kulikuwa na kamba ya nguo ya jirani yetu, Mama Brayo. Shuka yake ilibaki na jiwe gumu la rangi ya chai katikati.

“Barasa,” mama aliniita, akiwa ameishika ile shuka kama mtoto mchanga, “hii ndiyo karai yangu?”

Niseme wazi jinsi nilivyo, maana mambo yote yaliyofuata yalitokana na hilo. Mimi ni mtu wa wasiwasi. Nikifunga mlango, narudi kuujaribu. Nikimwandikia mtu ujumbe, nausoma mara nyingi hadi habari yenyewe inachacha. Mtu aliyejifunza peke yake huishi na hofu moja: kwamba kuna somo ambalo wengine wote walipewa siku ambayo yeye hakuwepo. Kwa hiyo nilifanya kila kitu mara mbili, nikitumaini kwamba somo lile liko ndani ya ile mara ya pili.

Nilipoenda kuomba kazi Baba Dogo, mwenye yadi hakuniuliza cheti. Mnamjua, lakini wengine watasoma haya wasimjue: ni Baba Achieng, mtu mfupi mnene ambaye ujana wake wote alitengeneza viti vya mabehewa kwenye karakana ya reli. Akikasirika huimba nyimbo za kanisani. Akifurahi hunyamaza. Ilinichukua muda kuelewa mpangilio huo, na siku zangu za mwanzo nilidhani nimeingia mahali pa watu wachangamfu.

Siku ya kwanza alinipa kifuniko cha tangi la maji, nikipige msasa. Nilikipiga. Ilipofika saa sita wenzangu wakaenda kula, mimi nikabaki napiga. Baba Achieng alirudi akifuta midomo, akakiinua kifuniko juu ya kichwa chake.

“Kijana, hapa naona jua.”

“Bado kidogo, Baba, iwe laini.”

“Imekuwa laini mpaka imeisha.”

Akaimba ubeti mzima. Kisha akakaa chini na kunionyesha jinsi ya kulisikiliza jani la msasa: likianza kulia kwa sauti nyembamba, acha, umefika. Sijawahi kusahau. Ninyi mnaosaga kwa mashine huku mmeweka muziki masikioni, jaribuni siku moja kusaga kimya.

Nitawaachia mengine machache niliyopata kwake. Mwezi wa Julai, Nairobi ikiwa na ile baridi ya kijivu, ongezeni hadina kidogo, la sivyo mtalinda rezini kama watu wa matanga. Januari punguzeni, na msichanganye nyingi kwa mara moja. Nta ya moldi msiionee uchoyo. Moldi ni ile kalibu mnayomiminia, nanyi mkiibania nta, kazi itang’ang’ania mle ndani na mtaitoa kwa nyundo na machozi. Na vaeni glavu. Mimi sikuvaa. Niliamini kwamba kidole kitupu kinasikia povu la hewa chini ya faiba kuliko rola ya kukamulia hewa. Ni kweli kinasikia. Ila ngozi nayo husikia mambo yake, na haisahau.

Kuna kazi ngumu tulizofanya ambazo bado zinanifurahisha. Kanisa moja la Huruma lilitaka kisima cha ubatizo cha kubebeka. Tulikijaza maji yadini, kikavimba ubavuni kama mtu aliyekunywa uji mwingi. Fundi mwenzangu Nekesa, ambaye mnamjua kwa kicheko chake kabla hamjamwona, ndiye aliyesema tukitilie mbavu kwa nje, kama ng’ombe. Nilichora mbavu hizo kwa siku nzima. Nekesa alizipachika mchana mmoja, akikadiria kwa jicho. Mchungaji ni mtu wa mwili. Kisima kilimstahimili yeye na waumini wake wote.

Jina la Pimamaji mlilonikuta nalo alinipa Nekesa, kwa sababu ya kile kipimo changu chenye kitone cha hewa ndani ya maji ya kijani. Nilikiweka juu ya kila kitu. Inasemekana niliwahi kukiweka juu ya chapati. Hilo si kweli. Nilikiweka juu ya meza ya Mama Chapo, mwenye kibanda mkabala na lango letu, na chapati ilikuwa juu ya meza hiyo.

Kisha mikono ikaanza. Kwanza vidole vilivimba na kuwasha, halafu kope za macho, halafu kifua kikawa kinabana kila nikifungua pipa. Nilinyamaza, kama mnavyotarajia. Nekesa ndiye aliyenishika mkono mbele ya watu wote akasema, “Manze, hii si mkono, hii ni mahamri.” Daktari alieleza kwa upole kwamba mwili wangu umejifunza kuiogopa rezini, na ukishajifunza hausahau, nikiendelea, siku moja nitashindwa kupumua. Nilimwomba kazi moja ya mwisho. Akanitazama kama mtu anayeombwa sigara moja ya mwisho. Akasema nivae kila kitu: glavu nzito, barakoa ya vichujio, mikono mirefu. Na dalili ikirudi, hata kidogo, niachie hapo hapo.

Kazi hiyo ya mwisho iliingia langoni ikiwa juu ya trela, nyuma ya lori. Ilikuwa boti ya tanga, ya zamani, mlingoti wake umelazwa chini usiguse nyaya za umeme. Watu wa mtaa walitoka kuitazama. Baba Dogo hatuna hata kidimbwi cha maana.

“Sasa, Baba Achieng,” mmoja aliuliza kutoka barabarani, “mafuriko yanakuja na hamtuambii?”

Mwenye boti alikuwa Mwalimu Nafula, mama aliyestaafu ualimu, mkazi wa mtaa wa Tena. Yeye na marehemu mumewe waliinunua ikiwa tayari kuukuu, wakaiweka Naivasha, na wajukuu zao walijifunzia humo kutoogopa maji. Kwenye boti ya aina hii, sehemu ya nyuma kuna nafasi ya watu kukaa, na kila upande una kiti kirefu. Kiti hicho kwa kweli ni kifuniko cha sanduku, wenyewe huliita loka, ambamo huwekwa maboya, kamba na nanga. Maloka yote mawili yalikuwa yameoza. Mbao zilizokuwa ndani ya faiba zilikuwa zimelainika kama mkate uliochovywa chai. Likizo iliyopita kifuniko cha kushoto kilipasuka, na mguu wa mjukuu wake ukazama hadi gotini.

“Hakuumia sana,” Mwalimu alisema. “Lakini sasa hataki kukaa. Anasafiri amesimama, ameshika mlingoti. Nataka likizo hii akae.”

Baba Achieng aligawa kazi. Nekesa loka la kulia, mimi la kushoto, lile lililompasukia mtoto. Nilijua alinipa lile kwa makusudi, na nilishukuru hadi nikashindwa kula. Nilitaka kitu kimoja tu: niache nyuma yangu kazi moja isiyo na dosari, mtoto yule akae juu yake, na mimi niondoke bila kugeuka nyuma.

Tuliyakata maloka ya zamani na kuyatoa. Njia yetu mnaijua: unakarabati kile cha zamani, unachapa moldi juu yake, kisha ndani ya moldi unatengeneza kipya. Nekesa aliziba nyufa za lake akaanza kupaka nta. Mimi nililiweka langu mezani, nikaweka pimamaji. Kitone kikakimbilia pembeni. Nikaweka skwea, ile ya kupimia kona. Hakuna kona hata moja iliyokuwa sawa. Upande wa mbele ulikuwa mwembamba kuliko wa nyuma, na ukingo ulikuwa umelala kidogo, kama mtu aliyechoka kwenye kiti cha kanisa.

Niliwaza: miaka ya mizigo na makalio imelipinda loka hili. Nitalirudishia heshima yake. Nikaongeza mbao hapa, nikajaza filla, ule uji mzito wa kuziba mabonde, pale, nikapiga msasa hadi ukalia ile sauti nyembamba. Lilipokamilika, kitone cha pimamaji kilitulia katikati kila upande. Nikachapa moldi, nikatengeneza loka jipya, nimevaa mavazi yote yale kama mtu anayeenda mwezini. Lilikuwa kitu kizuri kuliko vyote nilivyowahi kutengeneza. Hata sasa nasema hivyo.

Siku ya kuyajaribu, loka la Nekesa liliingia upande wa kulia kwa kusukumwa na goti moja. Lilikuwa na mabonde na milima yote ya lile la zamani, na lilikaa kimya mahali pake kana kwamba halikuwahi kutoka. Langu tulilibeba watu wanne. Kona ya nyuma ikagonga. Tukaligeuza, tukalisukuma, tukalisihi. Mbele ukabaki mwanya ambao mkono wa mtoto ungepita.

Nilichukua pimamaji, nikaiweka juu ya kiti cha boti, kisha sakafuni, kisha ukingoni. Boti nzima ilikuwa imepinda.

“Pimamaji,” Baba Achieng akasema taratibu, “hii chombo ikishaingia kwa maji, utaiambia isimame wima?”

Watu walicheka. Mwalimu Nafula, aliyekuja na mandazi, hakucheka. Alieleza kwamba mumewe alipougua, boti ilikaa miaka mingi juu ya trela lenye tairi moja lililopasuka, ikiegemea upande huo. “Ilizeeka hivyo,” akasema. “Hata mimi bega hili liko chini kuliko lile. Na bado nashona gauni linanikaa.”

“Umenyoosha box,” Nekesa aliniambia. “Sasa nyoosha boti.”

Nilitaka kuanza upya siku hiyo hiyo. Nilikuwa nimeshavaa glavu. Lakini kope zilikuwa zimeanza kuvimba tena, na Baba Achieng aliona. Hakuimba. Alinivua glavu mwenyewe, moja baada ya nyingine, kama unavyomvua mtoto viatu. Kisha akachukua pimamaji yangu akaiweka mfukoni mwake.

“Daktari alisema nini, Barasa?”

Ilikuwa mara yake ya kwanza kuniita kwa jina langu. Nikamjibu alichosema daktari.

“Basi hapo umefika. Loka atatengeneza Nekesa.”

Ningeweza kukubali kila kitu isipokuwa hilo. Si kwamba Nekesa hajui. Anajua kuliko mimi, na wote mnalijua hilo. Ni kwamba kazi ya mwisho ya mikono yangu ingekuwa kazi ya mikono ya mtu mwingine. Nilienda nikakaa nyuma ya mapipa. Nekesa alinifuata na katoni kuukuu za biskuti chini ya kwapa.

“Hizi hazina rezini,” akasema. “Niletee umbo la hiyo shimo. Vile iko, si vile ungependa.”

Basi niliingia ndani ya boti na mkasi. Bila pimamaji, bila skwea. Nilikata katoni, nikaijaribu, ikagoma, nikaipunguza, nikairudisha. Mwanzoni mikono ilitaka kunyoosha kila mstari. Kisha nikaanza kuifuata boti kwa vidole, pale ilipoinama nikainama nayo. Jioni nilikuwa na vipande vya katoni vilivyopinda kila kimoja kivyake, na vilikaa ndani ya shimo lile bila mwanya. Nilishangaa jinsi ilivyonipa raha. Ilikuwa kama kumpima mtu nguo.

Nekesa alichonga umbo jipya kwa kufuata katoni zangu. Siku ya kupaka rezini nilifukuzwa yadini. Nilikaa kwa Mama Chapo, ng’ambo ya barabara, nikitazama kupitia lango.

“Povu! Hapo kwa kona!” nikapiga kelele.

“Kunywa chai, Pimamaji!” Nekesa akajibu bila kugeuka.

“Kona ya nyuma, Nekesa!”

“Mama Chapo, mwongezee chai! Mtie na chapati mdomoni!”

Mama Chapo alinitia. Nikiwa natafuna, niliona Nekesa akirudi kwenye ile kona ya nyuma, akiipitishia rola taratibu, mara ya pili. Hakuniangalia. Nikaiacha kona ile, nikageukia chai yangu.

Ninyi wageni bado hamjaona desturi moja ya yadi yetu, kwa kuwa siku hizi tunatengeneza matangi zaidi. Kiti chochote hakitoki langoni kabla hatujala chakula cha mchana juu yake. Baba Achieng aliileta kutoka siku zake za mabehewa: anasema mtu akijaribu kiti hujikaza, lakini mtu anayekula huketi kwa uzito wake wote. Maloka yalipokwisha kupachikwa na kufungwa boliti, tulipanda ngazi wote, tukaingia ndani ya boti pale katikati ya yadi, tukakaa pande zote mbili, sufuria ya ugali na sahani ya omena, wale samaki wadogo, katikati. Mwalimu Nafula alikuwa amekuja na mjukuu wake, msichana wa miguu mirefu aitwaye Imani. Imani alisimama, ameshika mlingoti uliolala kwenye fremu yake juu ya vichwa vyetu.

Mimi pia nilikuwa nimesimama. Naungama hilo. Nilikuwa nimeinama nikipitisha ukucha kwenye mwanya kati ya kifuniko na ukingo. Upande wa mbele ukucha uliingia kwa shida. Upande wa nyuma uliingia kwa urahisi. Haikuwa sawa. Nikainua uso, nikakuta Nekesa ananitazama, tonge mkononi.

“Umeona?”

“Nimeona.”

“Sasa?”

Boti nzima ilinyamaza. Hata Baba Achieng alinyamaza, lakini kwake hiyo ni habari njema. Nilimwona Imani akinitazama mimi, si kifuniko. Alikuwa anangoja kuona kama mtu aliyekichunguza vile atathubutu kukikalia.

Nikakaa. Nikakaa kwa uzito wangu wote, kwenye kona ya nyuma.

“Pitisha omena,” nikasema.

Tulikuwa tumefika nusu ya ugali wakati Imani alipoachilia mlingoti. Alikaa karibu nami, kwanza kwa ncha, kisha akarudi nyuma hadi mgongo ukagusa.  Bibi yake alimsogezea sahani tu. Na mimi nilitazama mbali, kwenye mabati ya jirani, kwa kuwa macho yangu yalikuwa yamevimba tena na sikutaka mtu adhani ni rezini.

Boti ilirudi Naivasha. Baba Achieng alinirudishia pimamaji langoni. Nekesa hakuniaga, alisema ataniona Jumapili kanisani na kwamba hapendi maigizo. Siku hizi nachora michoro ya kazi nikiwa nyumbani, mahali pasipo na harufu, na ninyi mnanitumia picha za mapovu yenu kuniuliza kama yatapita. Mengi yanapita. Tumeni tu, napenda kuulizwa.

Lile loka langu lililonyooka hakuna aliyelitaka, basi nililileta hapa mtaani Tena, nilikohamia. Nimeweka unga na mchele ndani yake, na nimelikalia ninapoandika haya. Kila kona yake ni sawa kabisa. Nilipolisukuma ukutani, likakataa kugusana nao upande mmoja, maana ukuta wa nyumba hii umepinda. Nilikwenda kuchukua pimamaji, nikasimama nayo kidogo, kisha nikairudisha kabatini. Ule mwanya unaingia ufagio vizuri sana.